Bega la Kipanga wa Nne

1

Walibishana wiki sita juu ya nyuma ya gari, na wiki ya saba wakanyamaza. Mimi kilichonitia wasiwasi ni kule kunyamaza.

Ubishi nilikuwa nimeuzoea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa kwenye chumba cha udongo pale kiwandani Uyole, ambako kila gari hufinyangwa kwanza kwa udongo kabla ya kuwa bati, nimelainisha Kipanga wa Pili na Kipanga wa Tatu kwa mikono yangu, na sijawahi kuona gari la mbio ambalo watu hawakugombania makalio yake. Mbele wanakubaliana upesi. Milango haina maneno. Lakini wakifika nyuma, hapo ndipo chai inapopoa.

"Sikiliza, Bibi yetu," Komba wa mauzo alikuwa akiniambia kila mara, kama vile mimi ndiye niliyembishia. "Mteja gari hili halioni kwa mbele. Yuko zake barabarani, anasikia vuu, limeshampita. Kinachombakia machoni ni makalio. Sasa nani anauza gari? Mimi? Makalio!"

Komba alitaka taa nne za mviringo, mbili huku, mbili kule, kama zilivyokuwa kwa Kipanga wote watatu waliotangulia. Mjukuu wangu Bupe, ambaye ndiye mbunifu mkuu, alitaka mstari mmoja mwembamba wa mwanga, kutoka pembe hadi pembe.

"Mstari wako ni mdomo wa mtu aliyenuna," Komba akasema.

"Na miduara yako ni macho ya chura aliyekanyagwa."

"Mauzo ya chura huyohuyo ndiyo yaliyokusomesha, dada. Muheshimu."

Mkurugenzi Eliaika, mama wa Kipare asiyepoteza maneno, aliwaacha wachoke. Kisha akasema basi, mashine ya macho iamue.

Mashine yenyewe ni kiti tu, kama kile cha daktari wa meno, na kioo mbele yake. Unakaa, unaonyeshwa maumbo, maelfu kwa maelfu, mengine yanapita haraka hata hujui kama umeyaona. Huulizwi kitu. Mashine inatazama mboni zako: zinapofunguka, zinapokawia, zinapokataa kutoka. Inachukua yale zilipokawia, inayachanganya, inakuonyesha tena, inachanganya tena. Watu mia tisa walikikalia kile kiti. Bupe alikikalia mara arobaini na moja, maana desturi ya chumba chetu ni kwamba mbunifu ndiye anayekifungua asubuhi na ndiye anayekifunga jioni. Hakuna aliyefikiria kuwa kwa njia hiyo macho yake yangeingia mle zaidi kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Wiki ya saba wakafunua turubai, chini yake umbo ambalo mashine ililichagua ikalichonga kwenye udongo.

Nilikuwa kwenye kigoda changu ubavuni mwa gari, naloweka jiwe la kulainishia kwenye beseni. Kwa pale nilipokaa ulikuwa udongo tu, wa kahawia, bado una mistari ya kisu cha mashine kama nywele zilizochanwa. Wenzangu walikuwa nyuma yake, kwenye viti vyao. Nikasikia turubai likianguka, nikasubiri kelele. Kimya. Nikalitoa jiwe, nikalifuta, nikalirudisha majini. Kimya. Nikatazama vikombe vyao: chai ya maziwa ilikuwa imefanya utando juu, mnene, wenye mikunjo. Saa ya ukutani ilisema wamekaa hivyo dakika ishirini na sita.

"Taa zinakaa wapi?" nikauliza, ili tu mtu aseme kitu.

Hakuna aliyenijibu habari ya taa. Bupe alisema polepole kwamba bega moja la gari, pale juu ya gurudumu la nyuma, limeshuka kuliko lenzake, milimita nne, na kwamba amelisawazisha mara tatu kwenye kompyuta, na mara tatu mashine imelirudisha.

"Liache," akasema Eliaika, bila kumtazama.

Komba alikuwa analia. Si kwa sauti, alikuwa anavuja tu, kama bomba ambalo halikufungwa vizuri, na sidhani kama alijua.

2

Kabla mikono haijapewa udongo, umbo hujaribiwa kwanza kwenye upepo. Wakatengeneza ganda la plastiki la nyuma ile, wakalivika gari linalojiendesha lenyewe, wakalipeleka kwenye uwanja wa majaribio bondeni. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba kule ukungu hauondoki mpaka saa tano. Nyuma ya gari lile akawekwa Gwamaka, dereva wetu, baba wa watoto watano, mtu wa utani mwingi. Kazi yake ilikuwa kulifuata kwa umbali wa mita thelathini ili vyombo vipime jinsi upepo unavyokatika. Mizunguko kumi, arudi anywe uji.

Alizunguka sitini na moja.

Kesho yake nikaenda kumwona kwenye zahanati ya kiwanda. Miguu yote miwili ilikuwa na bandeji hadi juu ya vifundo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Wamekufanya nini miguu?"

"Nimejifanya mwenyewe." Akajaribu kucheka. "Betri iliniishia. Langu likasimama, lile la mbele likaendelea. Nikashuka, nikalifuata."

"Gari la mbio! Kwa miguu?"

"Kwa miguu, Bibi. Linapotea kwenye ukungu, nasikia kama moyo unatolewa. Halafu linamaliza mzunguko, linatokea nyuma yangu, linanipita, naanza upya. Viatu sijui viliishia wapi."

"Na wale wa chumba cha kuongozea? Si wangelizima tu?"

"Hata mimi niliwauliza." Akageuzia uso ukutani. "Wana kamera inayoonyesha nyuma ya gari. Walikuwa wanaangalia. Wote sita. Mpaka mama wa usafi alipoingia na deki yake, akapita mbele ya kioo, mmoja wao ndio akashtuka."

Nikavuta shuka, nikamfunika vidole.

"Lakini ulikuwa unaona nini, mwanangu?"

"Gari. Naapa, Bibi, sikuona kingine, gari tu. Ila nilikuwa na uhakika nimekosa mahali, na kwamba nikilifikia nitaambiwa kosa langu ni lipi."

Mchana huo wakakaa kikao, na mimi nikaitwa. Udongo ulikuwa umefunuliwa. Nikakaa ubavuni, kama kawaida yangu.

Eliaika alisema wataweka onyo kwenye kitabu cha mnunuzi.

"Mnunuzi yuko ndani, haoni nyuma," Komba akajibu. "Anayeona ni yule aliyepitwa. Mwenye bodaboda. Mtoto anayetoka shule. Hao kitabu wanakitoa wapi?"

"Kweli," akasema Eliaika.

"Na wapo wengi kuliko wanunuzi," akasema Bupe.

"Kweli kabisa."

Nikafurahi moyoni. Nikaona hawa watu wana akili zao bado. Kisha Eliaika akasema wanaolipitisha umbo hili wanyooshe mkono, na mikono yote ikapanda. Ya Komba, ya Bupe, ya Eliaika mwenyewe. Walikuwa wameukodolea macho udongo ule, wametaja ubaya wake mmoja mmoja kwa vinywa vyao, na mikono ikapanda kama ya watoto wanaoota.

"Bibi," Eliaika akaniambia, "kesho saa nne tunahitaji dole lako."

3

Mashine inachonga lakini haimalizi. Rangi ya gari haifichi kitu: panapobonyea unene wa unywele, mwanga unapinda, na mteja anaona bila kujua ameona nini. Kwa hiyo kiwanda kilipoanza, walikuja mpaka Ikombe, kwetu kando ya Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi tunafinyanga vyungu bila gurudumu, wakachukua sita. Wengine wamekwishatangulia mbele ya haki, nimebaki mimi. Tulikuja na mambo yetu mawili na kiwanda kikayaandika kwenye kanuni zake. La kwanza, kazi haijaisha mpaka mlainishaji abonyeze dole gumba lake chini ya mdomo wa chungu, yaani hapa chini ya bampa. Dole likishawekwa, taa ya vipimo inausoma udongo kama ulivyo, kalibu za kubonyezea bati zinakatwa, na michoro yote ya awali inafutwa ili isiibiwe. La pili wanaliita ruhusa ya mkono: mlainishaji akiona mkono unakataa mahali, anaweza kusogeza mpaka milimita tano bila kuomba kwa mtu.

Asubuhi ile nikaingia saa moja, nikaupasha udongo. Udongo wa gari una nta ndani yake, unanuka kama mshumaa uliozimwa. Nikatoa kipande changu cha kibuyu cha kuparia, nikatoa jiwe, nikafumba macho. Mimi hulainisha nimefumba macho. Jicho hudanganywa na kivuli, kiganja hakijui kivuli.

Nikaanzia juu, chini ya kioo cha nyuma. Mkono ukashuka ukaingia kwenye kibonde kidogo, laini, cha joto. Nikafikiri, hapa ni kisogo. Nikajicheka. Nikaendelea. Kibonde kikafunguka huku na huku, kikawa mabega. Chini ya mabega kulikuwa na mifupa miwili bapa ambayo kwa macho ni mahali pa kupitishia upepo. Nikapapasa katikati, nikakuta bonde la uti wa mgongo. Nimeogesha watoto saba na wajukuu kumi na mmoja, mgongo haunipotei.

Ndipo nikafika kwenye bega lililoshuka.

Mwanangu Tumpe alianguka kutoka kwenye mparachichi akiwa na miaka saba. Mfupa ukaungwa vibaya, bega likakaa chini kuliko lenzake maisha yake yote. Nguo ya shule nilikuwa nampunguzia mshono upande ule. Na alipozaa, mbeleko ilikuwa inamteleza pale pale kila siku, nikawa namfunga mimi, namwambia inama, namweka Bupe mgongoni, nakaza fundo, kisha napitisha kiganja juu ya bega lile kuona kama kitambaa kimeshika. Miaka miwili shavu la Bupe lililala hapo.

Bupe alipofika miaka minne, mama yake alisema anakwenda Tunduma kuuza mchele, atarudi Ijumaa. Akaondoka kwa njia ya migombani bila kugeuka. Bupe alitaka kumkimbilia, nikamshika kifundo cha mkono. Ijumaa ile haikufika. Sasa ni miaka ishirini na tisa.

Nikafumbua macho, nimelikaribia mno kuliona zima: gari. Nikafumba: mwanangu, ananiacha.

Na nikaelewa kwa nini mashine ilikuwa inalirudisha lile bega. Mabega yaliyo sawa ni ya mtu aliyesimama. Bega likishuka, mguu wa pili umeshainuka. Watu mia tisa walikalia kile kiti na kila mmoja, bila kujua, akakawia kwenye mgongo wa yule aliyemwacha, maana hakuna asiye na wa kwake. Mashine ikaukusanya ukawa mmoja. Hatua ya kuondokea ikaichukua kwa Bupe, aliyekaa mara arobaini na moja.

Milimita nne. Ruhusa yangu ni tano.

Nikaweka kiganja, na kiganja kikakataa. Nani amewahi kumpata mtoto wake aliyepotea, wa joto, mkononi, halafu akaambiwa amfute?

4

Nikamwita Bupe. Ilikuwa bado saa tatu, wenzake hawajaingia. Alisimama mlangoni na koti lake la baridi, macho yakaenda moja kwa moja nyuma ya gari yakakaa.

"Usiangalie. Njoo huku ubavuni."

"Bibi, nina kazi."

"Njoo."

Nikamfunga macho kwa kanga yangu. Alicheka, akaniuliza kama ni kombolela. Yeye ni mbunifu, na wabunifu wanatazama tu, udongo hawaugusi, wanaogopa kuacha alama. Nikamshika mikono, nikaiweka juu, nikaishusha polepole kwa njia ile ile niliyopita.

Kicheko kikaisha kwenye kisogo. Kwenye mifupa pumzi ikaanza kukatika. Alipofika kwenye bega lililoshuka, bila kuambiwa, aliinama akaweka shavu.

Alikaa hivyo. Nje king'ora cha zamu kilipiga na watu wakapita wakiongea, na yeye hakutikisika.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Sikujua. Nilijua tu kwamba ni zuri."

"Nitalinyoosha."

Akajitoa kanga usoni. "Hapana."

"Bupe, Gwamaka ametembea mpaka ngozi ya nyayo ikabaki barabarani. Gwamaka mama yake yu hai, yuko Tukuyu anauza ndizi, na bado amefuata! Litakapopita mbele ya shule, je?"

"Tutalitoa barabarani. Liwe la maonyesho. Nitamwambia Mkurugenzi."

"Jana ulinyoosha mkono."

Akaanza kuikunja kanga.

"Ulinyoosha mkono, mwanangu, na ulishasema mwenyewe kwamba watakaofuata ni wengi. Utamwambia nini Mkurugenzi, naye akishaketi pale nyuma ya gari?"

"Ulinishika," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya miaka minne. "Siku ile. Mimi ningemfikia, hakuwa anatembea haraka. Ungeniachia mkono ningemfikia, angegeuka. Sasa nimempata mwenyewe, na unataka kunishika tena?"

Njia ile ilikuwa inakwenda barabara kuu, na barabara kuu ilikuwa na malori. Nilimshika kwa sababu ya malori. Lakini hilo lilikuwa jibu la mtu mzima, na aliyeniuliza hakuwa mtu mzima.

"Kama unaweza kugeuka ukatoka mlangoni," nikamwambia, "toka, na mimi nitaweka dole bega likiwa kama lilivyo. Nenda tu mpaka mlangoni, ulipe gari mgongo."

Alijaribu. Ninamshuhudia kwa Mungu, alijaribu. Aligeuza miguu, aligeuza kiuno, shingo ikabaki. Akapiga hatua nne kinyumenyume akielekea mlangoni, macho yako kwenye gari, akajigonga meza, akasimama. Kisha akaanza kurudi, hatua moja moja, na uso wake haukuwa na kitu.

Nikaingia katikati, nikamziba kwa kifua changu, nikamkumbatia kichwa.

"Linyooshe," akasema ndani ya kanga yangu. "Upesi, Bibi. Kabla sijakukataza."

Nikamkalisha kwenye kigoda, uso ukutani. Nikaupasha tena udongo. Nikafumba macho, nikaweka viganja viwili, na kwa jiwe nikaanza kulipandisha bega la mwanangu, kidogo kidogo, kama mtu anayempandishia nguo mtoto aliyelala. Udongo ulikuja bila shida. Hilo ndilo liliniuma. Nilitegemea ukatae. Nilikwenda na kurudi, nikasawazisha, nikapitisha kibuyu, nikapitisha kitambaa chenye maji. Kiganja kilipokwenda upande huu na upande ule kikakuta sawasawa, nikabonyeza dole chini ya bampa.

5

Saa nne walikuja. Eliaika alisimama nyuma ya gari, akatazama kama dakika moja, kisha akaangalia saa yake.

"Tumechelewa," akasema. Akasoma karatasi ya vipimo. "Milimita nne?"

"Ruhusa ya mkono, Mkurugenzi."

Akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari. Akatia saini. Taa ya vipimo ikashuka juu ya udongo, ikapita, ikapanda.

"Sasa," Komba akasema, akipenga kamasi, "hizi taa. Maana hapa naona panadai miduara minne."

"Panadai mstari," akasema Bupe.

"Mdomo wa kununa huo!"

"Afadhali kununa kuliko chura."

Wakaendelea hivyo mpaka mchana, na chai waliinywa ya moto, na Eliaika akalala usingizi kidogo kitini. Ni gari zuri. Nimeliona barabarani mara nyingi tangu hapo, linapita, watu wanaligeukia, wanasema lo, wanaendelea na safari zao. Walimalizia kwa miduara miwili na mstari katikati, na wote wawili wanasema wameshindwa.

Jumapili moja Bupe alikuja nyumbani. Nilikuwa nachambua maharage. Alikaa chini kwenye mkeka, akanipa mgongo, akashusha koti mabegani.

"Bibi, nataka kulikumbuka," akasema. "Nakumbuka kwamba lilishuka, lakini mkono wangu uligusa mara moja tu. Wako uligusa miaka yote. Nionyeshe hapa kwangu lilivyokaa."

Nikajifuta mikono. Nikaiweka kwenye mabega yake, nikafumba macho, nikasubiri viganja viseme, kama vinavyosema siku zote.

Vilinipa bega lililo sawa. Nikatafuta mparachichi, nikatafuta nguo ya shule, nikatafuta fundo la mbeleko; yote nikayaona, na kila mahali Tumpe amesimama wima, mabega kama meza. Mikono yangu ilikuwa imelainisha mpaka ndani. Sikujua hata kama lilikuwa la kulia au la kushoto.

"Bibi?"

Nikabahatisha upande, nikakandamiza kidogo.

"Hapa," nikasema. "Lilikaa hivi."

Bupe akainamisha kichwa, akaushika mkono wangu kwa juu ili nisiuondoe, na nikauacha pale.